Kabene, Shirazi na Mwaka Niliopoteza Pua

Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga pale uwanja wa matangi, kijana mmoja wenu alisimama akaniomba nieleze niliwezaje kujua divai nzuri na mbaya, na mimi ni mtu wa kanisa ambaye hajawahi kulewa. Watu walicheka, nami nikacheka, nikaketi bila kujibu. Jibu lake ni refu na lina hofu nyingi ndani yake, na keki ilikuwa inayeyuka juani. Sasa nina nafasi, naliandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na mishahara mnaijua.

Niliingia shambani mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nimeolewa karibuni kutoka Mutomo. Mume wangu, Musyoka, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande huu wa Mto Athi, chini ya Kibwezi, na shamba lilipakana na shule. Zamani lilikuwa la mkonge. Bwana Gathogo, mfanyabiashara kutoka Kiambu, alilinunua, akang'oa mkonge, akapanda mizabibu. Watu walisema amerukwa na akili. Mkonge ulikuwa haudai maji na mbuzi walikuwa hawaugusi. Mizabibu ilidai maji kila juma, na mbuzi wa tarafa nzima walijua mahali ilipo. Mimi niliajiriwa kuosha chupa.

Stoo ya divai ilikuwa ghala la zamani la mkonge, lenye kuta nene za mawe, na magunia yaliyoloweshwa maji yalining'inizwa madirishani kuleta ubaridi. Mkubwa wa stoo alikuwa Mzee Dias, Mgoa wa Nairobi, mfupi, mwenye soksi nyeupe zilizofika magotini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa waagizaji wa divai mjini. Siku yangu ya kwanza alikuja nikiwa nimepanga chupa zangu juani, akainua moja, akainusa.

"Hii nani ameosha?"

"Ni mimi, Mzee."

"Nusa."

Nilinusa. Povu lilikuwa likinidondoka viatuni. "Ina mafuta ya taa," nikasema. "Kidogo sana, lakini yapo."

"Kwa nini hukuosha ikatoka?"

"Nimeosha. Haitoki."

Alinusa tena, akanitazama, akaivunja ile chupa kwenye pipa la taka. Nilijua nimefukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Badala yake aliniita ndani, kwenye meza ndefu iliyokuwa na glasi, mrija wa kioo wa kuvutia divai kutoka kwenye pipa, na ndoo ya bati yenye pumba za mbao chini yake. Alimimina divai nyekundu kwenye glasi akanisogezea.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mzee," nikamwambia.

"Kanisa yako inakataza kumeza, ama inakataza kutema?"

Kanisani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza swali la namna hiyo. Nilichukua divai mdomoni, nikaizungusha alivyonionyesha, nikaitema kwenye ndoo, na nilipoinua kichwa nilitazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna mtu amesimama.

Ndivyo nilivyoanza, na ndivyo nilivyoendelea kwa muda mrefu: naonja, natema, natazama mlangoni. Nikirudi nyumbani nasukutua mdomo kwa maji ya chumvi mpaka ufizi unaniwasha. Musyoka ni mtu mkavu, asiyesema sana. Alinitazama siku kadhaa nikisukutua, halafu akasema, "Kama unaona ni dhambi, acha kazi. Kama si dhambi, acha chumvi." Akarudi kusahihisha madaftari ya watoto. Mimi sikuacha kazi, na chumvi sikuiacha pia.

Mchungaji alikuja mwenyewe. Mtu alikuwa amemwambia kwamba bibi ya mwalimu anakunywa waini kwa Mgoa. Alifika asubuhi, akaketi juu ya kreti, kofia yake magotini, akasema anataka kuona. Mzee Dias alinimiminia. Nakumbuka glasi iligonga meno yangu. Nilizungusha ile divai mdomoni huku nikiomba kimoyomoyo nisije nikapaliwa, kwa kuwa mtu akipaliwa humeza. Niliitema. Tone moja lilianguka kwenye blauzi yangu nyeupe, likaenea kama damu.

Mchungaji alitazama ndoo, akatazama blauzi.

"Nimeona," akasema. "Lakini mimi ni mmoja. Wengine hawajaona, na hawatakuja kuona. Ukienda kwaya Jumapili, usisimame karibu na mama wa mstari wa mbele."

Nilihama mstari. Nikawa naimba nyuma, na wanaume wa sauti nzito.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa baadhi yenu mnaonja harakaharaka kama watu wanaoonja chumvi ya mchuzi. Shamba lilikuwa na aina mbili za zabibu nyekundu. Block ya juu, yenye mawe mengi, ilikuwa Cabernet, nasi tuliiita Kabene. Block ya chini, karibu na mto, ilikuwa Shiraz, na wafanyakazi waliiita Shirazi, kana kwamba ni wale Washirazi, waliotoka Pwani kutafuta maji. Kwa macho zilitofautiana kidogo tu. Punje ya Kabene ni ndogo, ngozi yake nene, mbegu zake kubwa; ukiitafuna unabaki na kazi mdomoni. Punje ya Shirazi ina umbo la yai, ngozi nyembamba zaidi, maji mengi, na ikikaa siku chache zaidi juani hujikunja kama uso wa mzee.

Mzee Dias alinifundisha kuuliza divai maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni ladha: inanukia nini, inakukumbusha tunda gani. Hilo hujibiwa na pua zaidi kuliko ulimi, ingawa watu hawaamini. Swali la pili aliliita mifupa. "Ladha ni nguo," aliniambia. "Mifupa ni mtu." Mifupa ni uchachu unaokamua mate kandoni mwa ulimi, ukakasi unaokausha ufizi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, uzito wa divai juu ya ulimi kama tofauti ya maji na maziwa, na muda ambao yote hayo yanabaki ukishatema. Hayo unaweza kuyajua hata ukiziba pua. Alinizibisha pua mara nyingi, akanipa glasi bila kuniambia ni ipi, mpaka nikawa sikosei.

Shirazi ilikuwa na nguo nzuri. Hata ikiwa changa ilinukia zambarau zilizoiva, pilipili manga na moshi kidogo, ikajaa mdomo mzima, laini. Lakini joto letu liliinyima uchachu, na baada ya ule utamu wa mwanzo hukukuta kitu cha kuushikilia. Kabene ilikuwa kinyume. Inaanza vizuri, katikati inakuwa tupu, kama nyumba isiyo na samani, halafu mwishoni inakushika ufizi na haikuachii. Ikiwa changa ilinukia majani mabichi na penseli iliyochongwa. Wageni waliipenda Shirazi mara moja. Kabene waliisifu kwa adabu, wakaweka glasi chini.

Miaka hiyo ndiyo Kalekye alikuja. Kalekye ni dada ya Musyoka, wifi yangu. Mume wake alikuwa amefariki kule Mutomo, mbuzi wakafuata, akavuka mto na watoto wake wanne na sufuria moja. Nilimwombea kazi kwa Bwana Gathogo mimi mwenyewe, akapelekwa block ya Shirazi. Haikupita misimu mingi kabla hajawa kiongozi wa akina mama wa block ile, wengi wao watu wa kwetu, wa ng'ambo ya mto. Alikuwa na mkono mwepesi kwa mkasi wa kupogolea. Alijua mzabibu upi unadai jua na upi unataka kivuli. Divai hakuwahi kuigusa. "Wewe onja ya kwako na ndoo yako," aliniambia. "Mimi niache na majani." Alipenda kusema block ile ni watoto wake wa pili, na aliwafukuza ndege kwa matusi ambayo nina hakika hakuyajifunza kanisani.

Halafu ukaja ukame ule wa miaka ya themanini. Wakubwa wenu wanaukumbuka. Athi ulipungua mpaka ukawa madimbwi, na pampu ikaanza kuvuta mchanga. Fundi aliisafisha asubuhi, mchana ikaziba tena. Majani ya Shirazi yalianza kulala kabla ya saa sita, yamejikunja. Kabene ilisimama, lakini haikuwa na furaha. Kila jioni nilipotoka kazini nilipitia mtoni kutazama maji, na kila mara nilijuta kutazama.

Bwana Gathogo alituita mimi na Mzee Dias ofisini. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo hakutuambia tuketi.

"Maji yaliyobaki yanatosha block moja," alisema. "Nikigawa, nitapoteza zote mbili. Mnunuzi wa mahoteli anakuja kutoka Mombasa juma lijalo. Nataka mfungue divai za mavuno mawili yaliyopita, mwonje vizuri, mniambie ni ipi itatuweka hai. Ile nyingine nitaiacha."

"Na watu wa block hiyo?" nikauliza.

"Mama Mwende," alisema, na hakuwa mkali, "shamba bila maji linalipa nani?"

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Nikisema Kabene, namfukuza wifi yangu na watu wa kwetu. Nikisema Shirazi kwa sababu yao, na Shirazi ikaangusha shamba, nimewafukuza wote, hata hao. Usiku nililala nikisikiliza Musyoka akipumua. Nilimwambia asubuhi. Alikoroga chai yake muda mrefu, akasema, "Sema ulichoonja." Kwake maneno hayo yalikuwa hotuba.

Lakini shida yenyewe ilikuwa bado haijafika. Juma lile lile nilishikwa na mafua makali, homa, kichwa kama kimefungwa kamba. Homa ilipotoka niliamka, nikabandika uji, nikaketi kando yake kumsuka Mwende, binti yangu. Kalekye aliingia mlangoni akapiga kelele, "Wewe! Nyumba inaungua na umekaa?" Uji ulikuwa umeungua ukawa mkaa, chumba kimejaa moshi, macho ya mtoto yanatoka machozi. Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Nilikimbilia kabatini. Nikanusa kitunguu: hakuna. Nikanusa mafuta ya taa, nikakaribia kuyatia puani: hakuna. Nikafungua kopo la Vicks, likaniwasha macho, lakini harufu haikuwepo. Kalekye alisimama akinitazama nikinusa vitu vya nyumba kama mbwa, akacheka. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni. Kila kitu nilichokuwa kazini kilikuwa puani, na pua ilikuwa imekufa, na mnunuzi alikuwa njiani.

Sikusubiri. Niliogopa kwamba nikilala na jambo hilo siku moja nitatafuta namna ya kuendelea kulificha. Nilimkuta Mzee Dias anapangusa glasi.

"Mzee, pua yangu imekwisha. Sinusi chochote."

Aliweka glasi chini. Hakushangaa nilivyotarajia. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akaketi juu ya kreti, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka.

"Na mdomo?"

"Mdomo uko. Chumvi naisikia, ndimu naisikia. Ukakasi nausikia."

"Una bahati," akasema. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake ya juu, yote, yakiwa kwenye bamba la waridi lililofunika kaakaa. Nilikuwa sijui. "Kutoka Krismasi," alisema, na maneno yakatoka yamelegea. "Daktari ameng'oa zote. Na hii kitu, nikionja, ni kama kunywa waini na mfuko wa plastiki mdomoni. Pua yangu ni sawa. Mifupa sisikii tena."

"Si uyatoe unapoonja?"

"Mbele ya wageni?" Akayarudisha haraka, kana kwamba mnunuzi alikuwa dirishani.

Tulikwenda kwa Bwana Gathogo pamoja, kabla woga haujatushinda. Mzee Dias alieleza yeye. Bwana Gathogo alisikiliza, akatazama dari.

"Kwa hivyo nina mwonjaji mmoja," alisema, "amegawanywa kwa watu wawili."

"Ndiyo," tukasema.

"Na huyo mmoja, anakubaliana?"

Hatukuwa tumeonja bado. Tulionja mchana huo, mlango umefungwa, Bwana Gathogo amesimama ukutani. Mzee Dias alinusa Shirazi akafumba macho. Alisema zambarau, pilipili, ngozi mpya, kitu kama asali ya msituni. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesikiliza kwaya. Mimi niliiweka mdomoni bila harufu yoyote, na ilikuwa jambo la kutisha. Divai niliyoijua miaka yote ilikuwa imevuliwa nguo. Nilisikia ulaini, nikasikia uzito, halafu nikatafuta uchachu kandoni mwa ulimi, na mate hayakuja. Nilitema, na hakuna kilichobaki. Nikaonja Kabene. Ilikuwa kali, kavu, isiyo na huruma, tupu katikati. Lakini mate yalikuja, ufizi ukashikwa, na baada ya kutema niliendelea kuisikia hata Bwana Gathogo alipobadilisha mguu, akakohoa, akauliza kama nimemaliza.

"Mzee?" akasema.

"Shirazi," akasema Mzee Dias. "Bila swali."

"Mama Mwende?"

Mbele yangu nilimwona Kalekye na sufuria yake. "Kabene," nikasema. "Shirazi haina kitu cha kuisimamisha. Katika joto la Mombasa haitafika mwaka."

Mzee Dias aligeuka akanitazama. Hatukuwa tumewahi kutofautiana mbele ya bosi. "Hana pua," alisema, na mara moja nikaona amejuta kusema.

"Nawe huna mdomo," akajibu Bwana Gathogo. "Sasa nifanyeje, nirushe shilingi?"

Ni Mzee Dias mwenyewe aliyetoa njia. Alisema chupa zile zile ziachwe wazi, bila kizibo, kwenye rafu karibu na dirisha, zipate joto na hewa. Divai isiyo na mifupa itaanguka, na ikianguka pua yake itajua. Bwana Gathogo akakubali, akafunga stoo, ufunguo akautia mfukoni.

Siku hizo za kungoja sitaki kuzirudia hata kwa kuandika. Sikuweza kula, kwa sababu chakula bila harufu ni kama kutafuna karatasi. Kalekye alipita kila jioni kuniuliza kama pua imerudi. Hakujua tunachongoja. Aliniletea majani ya mkaratusi nijifukize, akanifunika blanketi kichwani juu ya sufuria ya moto, akaketi kando akisimulia habari za block yake: namna alivyofunika mashina kwa nyasi ili unyevu usitoke, namna baadhi ya mizabibu ilivyokuwa imeanza kuchipua hata katika hali hiyo. Mimi nilikuwa chini ya blanketi, jasho na machozi vimechanganyika, nikashukuru kwamba hanioni.

Stoo ilipofunguliwa, Mzee Dias aliichukua Shirazi kwanza. Aliinusa, akaishusha, akainusa tena. Pembeni ya glasi rangi ilikuwa imeanza kugeuka kahawia.

"Imekufa," alisema polepole. "Inanukia tofaa lililooza. Na siki inakuja." Akainua Kabene. Alikaa nayo muda. "Hii ndiyo kwanza inaamka." Akanigeukia, akanipa mkono mbele ya bosi.

Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda nje nikatazama block ya chini.

Bwana Gathogo alisema atawatangazia akina mama Jumatatu. Nilimwomba aniruhusu nimwambie Kalekye kwanza. Nilimkuta anafunga matawi kwa kamba ya mkonge, mtoto wake mdogo amelala kivulini.

"Wifi, maji yatapelekwa juu. Huku chini pataachwa."

Aliendelea kufunga. "Nani amesema?"

"Bwana Gathogo ndiye ameamua."

"Nimeuliza nani amesema."

"Ni mimi nilisema."

Mkono wake ulisimama. "Bila pua," akasema. "Umeniulia block bila pua." Akainama akamwamsha mtoto, akampakata, akaondoka kupitia katikati ya safu, na hakugeuka.

Mzee Dias ndiye aliyeokoa kilichookolewa. Wakati wa kuchanganya divai za majaribio alinipa glasi moja aliyotia Kabene nyingi na Shirazi kidogo ya mavuno mapya. Sikuweza kuinusa, lakini mdomo ulijua: pale katikati palipokuwa patupu pamejaa. Mifupa ya moja, nyama ya nyingine. Tulimpelekea Bwana Gathogo na tukamwambia anahitaji Shirazi kidogo tu, lakini anaihitaji. Alikubali safu zile zilizo karibu kabisa na mto, kwa sharti kwamba pampu haitawashwa kwa ajili yake. Akina mama wakitaka kuchota maji ya madimbwi kwa punda, wachote. Wale watakaochota wataendelea na kazi.

Kalekye alichota. Aliongoza punda na mitungi asubuhi na jioni, na kundi dogo la wenzake nyuma yake. Wengine wengi walirudi kwao kungoja chakula cha msaada. Alinipita njiani kama mtu anayepita mti. Musyoka alijaribu kusema naye, akarudi akaniambia, "Mwache." Zaidi ya safu zao, mizabibu mingine yote ya block ile ilikauka ikawa kijivu, na nilipita hapo kila siku, maana hapakuwa na njia nyingine ya kufika stoo.

Mnunuzi alichukua ile divai ya mchanganyiko. Shamba likapumua. Mvua zilikuja zikiwa zimechelewa, na mto ukarudi. Pua yangu ilirudi pia, kidogokidogo. Harufu ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya panya aliyeoza nyuma ya tangi. Nilisimama pale nikimshukuru Mungu kwa ajili ya panya yule mpaka karani akadhani nimechanganyikiwa. Haikurudi yote. Maua mpaka leo sina hakika nayo. Baadaye Mzee Dias alikwenda kuishi kwa binti yake ng'ambo ya bahari, akaniachia mrija wake wa kioo, ambao mmoja wenu aliuvunja na hajasema ni nani. Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi, na sikuwahi kuonja tena bila kuziba pua mara ya pili, kuhakikisha.

Kalekye aliondoka shambani watoto walipomaliza shule, akafungua duka la nafaka sokoni, mjini Wote. Tulisalimiana kwenye harusi na mazishi, kwa adabu. Mwaka huu, baada ya kustaafu, nilikwenda kumtembelea bila kualikwa. Alinitilia chai. Tuliongea habari za wajukuu, za bei ya ndengu, za goti lake. Nilipokuwa natafuta mkoba wangu niondoke, aliniambia niketi.

"Nimeipalilia miaka yote ile," alisema. "Nimeibebea maji kwa punda. Sijawahi kujua inakuwaje ikishakuwa waini, na siwezi kuinywa. Niambie wewe."

Nilimwambia inaanza kama zambarau ulizookota chini ya mti mchana, zikiwa bado na joto la jua. Halafu inakuja pilipili manga, si ya kuwasha, ile ya kwenye chai. Halafu moshi, kama nguo ya mtu aliyeketi karibu na jiko la kuni. Na yote ni laini, inajaza mdomo, hata unasahau kwamba ulikuja kuitafutia kosa.

"Na ile ya juu? Uliyoichagua?"

"Ile ni kavu. Mwanzo huipendi, inakushika meno. Haijui kujipendekeza. Lakini ukishaizoea, haikuachi."

Kalekye alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika. "Kumbe ulimchagua kaka yangu mara ya pili," akasema, na tulicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma.

Alijipangusa macho kwa leso. Nje watu walikuwa wanafunga maduka. Alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Rudia ile yetu," alisema. "Anza na zambarau."